Mtaa wa Wayahudi Katika Mji wa Venice

  Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa ameandika ubaoni neno moja: GETO. Lisomeni pamoja: ge-to.

Vijana wetu wa mjini hukiita chumba cha kijana asiyeoa "geto". Neno hilo limetoka mbali. Leo tutalifuata mpaka kwao, katika mji wa Venice, nchi ya Italia.

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo vingi, na kati yao hupita mifereji ya maji. Mgeni akishuka stesheni ya gari la moshi, akaenda kwa miguu kama dakika kumi, hufika penye kichochoro chembamba. Akiyatazama vizuri mawe ya pale pa kuingilia, huona matundu. Hapo zilishikizwa bawaba za lango. Lango halipo tena, lakini matundu yangalipo.

Lango hilo lilikuwa la nini? Sikilizeni. Mwaka 1509 palikuwa na vita huko bara, na Wayahudi wengi wakakimbilia Venice. Wakubwa wa mji hawakuwapenda, lakini waliwahitaji, maana walilipa kodi na kukopesha fedha. Basi hawakuwafukuza, wala hawakuwaacha wakae wanakotaka. Tarehe 29 Machi 1516 Baraza likatoa amri: Wayahudi wakae katika kisiwa kimoja tu. Zamani kisiwa hicho kilikuwa mahali pa kuyeyushia shaba, na kwa lugha ya Venice mahali hapo paliitwa "geto". Wataalamu wengi husema kwamba ndiyo asili ya neno letu.

Wapangaji Wakristo waliokuwako wakaondolewa. Wayahudi walipoingia, kodi ya nyumba ikapandishwa kwa theluthi moja. Pigeni hesabu: ikiwa mpangaji wa kwanza alilipa 30, Myahudi alilipa 40 kwa nyumba ile ile.

Usiku malango yalifungwa. Walinzi walikaa langoni, na mashua za doria zikazunguka mfereji. Nani aliwalipa mshahara? Wayahudi wenyewe. Yaani aliyefungiwa alimlipa aliyemfungia. Madaktari ndio walioruhusiwa kutoka usiku, kwa kuwa Wakristo nao waliugua na kuwahitaji. Mchana watu walitoka kutafuta riziki, lakini ilikuwa lazima wavae alama ya kuwatambulisha. Kazi walizoachiwa zilikuwa chache: kukopesha kwa rehani, kuuza nguo kuukuu, udaktari, na baadaye biashara ya ng'ambo.

Watu waliongezeka, lakini kisiwa hakikuongezeka. Mwaka 1541 waliongezewa sehemu ya jirani, na mwaka 1633 nyingine ndogo. Hata hivyo hapakutosha, wakajenga kwenda juu. Mpaka leo mgeni huona nyumba za ghorofa sita au saba, ndefu kuliko za mitaa mingine, na dari zake ni za chini sana.

Katika mtaa huo yako masinagogi, yaani nyumba za ibada za Wayahudi. Yako matano. La kwanza lilianzwa mwaka 1528 na Wayahudi waliotoka Ujerumani. Kwa nje huwezi kulijua, ila utaona madirisha makubwa matano yamepangwa mstari mmoja, kwa hesabu ya vitabu vitano vya Musa.

Mwaka 1797 askari wa Napoleon waliuteka mji. Malango yaling'olewa na kuchomwa moto uwanjani. Yalikuwa yamesimama miaka 281. Kisha mwaka 1866 Venice ikaingia katika ufalme wa Italia, na Wayahudi wakapata haki sawa na raia wengine.

Lakini haki iliyoandikwa yaweza kufutwa. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi. Watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa katika shule za serikali. Septemba 1943 jeshi la Ujerumani liliingia.

Mkuu wa jumuiya ya Wayahudi wa Venice alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, Daktari Giuseppe Jona. Alitakiwa atoe orodha ya majina ya watu wake. Alijua orodha hiyo ni ya nini. Hakuitoa. Tarehe 17 Septemba 1943 alijiua.

Wengine waliwahi kukimbia au kujificha. Wengine hawakuwahi. Kati ya mwaka 1943 na 1944 Wayahudi 246 walichukuliwa kutoka Venice. Waliorudi walikuwa 8.

Siku hizi, katika mawe ya njia za mji huo, vimetiwa vijiwe vya shaba ya manjano mbele ya nyumba walimokuwa wakikaa watu hao. Kila kijiwe kimeandikwa jina la mtu na mwaka wake wa kuzaliwa. Ninyi mnaojifunza kusoma, fikirini jambo hili. Majina yale yale ambayo mzee Jona hakutaka yasomwe na wauaji, leo yameandikwa chini ili kila mpita njia ayasome.

Sasa jibuni maswali haya katika daftari:

1. Kwa nini wakubwa wa Venice hawakuwafukuza Wayahudi?
2. Nani alilipa mshahara wa walinzi wa lango? Je, ilikuwa haki?
3. Kwa nini nyumba za mtaa huo ni ndefu?
4. Daktari Jona alikataa kutoa nini, na kwa nini?

Jadilianeni na mwalimu wenu.