Mwamuzi, Mwoteaji na Picha ya Marudio

Lugha yetu ilimpa refa jina jema kabla picha za marudio hazijaja kumsaili. Mwamuzi ni mtu wa kuamua, na kuamua si kukata shauri tu. Ni pia kuwatenganisha wanaopigana. Anayewaamua wagomvi halazimiki kujua nani alianza. Kazi yake ni kuumaliza ugomvi. Kwa maoni yangu, historia ya mabao yenye utata husomeka vizuri zaidi kwa neno hilo kuliko kwa hesabu za mafundi wa kamera.

Tarehe 30 Julai 1966, Wembley, fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa 2–2 katika muda wa nyongeza. Geoff Hurst wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Je, ulivuka mstari? Refa Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na hakika, akamwendea mshika kibendera, Tofiq Bahramov, mzaliwa wa Azerbaijan. Bahramov akaitikia kwa kichwa. Bao. Mchezo ukaisha 4–2, na Wajerumani wakabaki na jina: hadi leo mpira wa namna ile huuita “bao la Wembley”. Kwao Azerbaijan, uwanja mmoja wa Baku una jina la mshika kibendera huyo.

Swali la mstari lilikuja kupata jibu. Juni 2010, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilivuka mstari waziwazi, lakini mchezo ukaendelea kana kwamba halikuvuka. Miaka miwili baadaye watunga sheria wakaruhusu mitambo ya mstari wa goli. Mpira umevuka au haujavuka. Hapo mashine haina mpinzani.

Kuotea ni shauri jingine. Simba huotea swala kisimani. Adui huotea msafara njiani. Neno limebeba nia: kujificha, kungoja, kuvizia. Waliolichagua kwa kosa hili walikuwa na sikio la kishairi, kwani sheria yenyewe, tangu ile ya 1863 hadi mageuzi ya 1925 yaliyopunguza walinzi wanaohitajika kutoka watatu hadi wawili, ilimlenga mtu anayengoja mpira nyuma ya migongo ya wenzake. Leo tunachorewa mstari kwenye skrini, na mshambuliaji aliyetanguliza bega kwa upana wa vidole viwili anaambiwa ameotea. Amemwotea nani? Alikuwa anakimbia tu! Sipendekezi tulitupe neno. Afadhali libaki, litukumbushe kwamba mashine hupima mahali, na lugha ilikuwa ikihukumu mwenendo.

Kombe la Dunia la 2018 lilipoanza kutumia waamuzi wa video, wengi walidhani ubishi umefika mwisho. Mei 31 mwaka uliofuata, mjini Radès, Tunisia, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad Casablanca walisawazisha dhidi ya Espérance, bao likakataliwa kwa kuotea. Wakadai marudio. Mtambo ulikuwa haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea, Espérance wakatangazwa washindi, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi. Bila ahadi ya picha, nadhani wangenung’unika na kucheza. Mtambo ulioahidiwa ukakosekana hujeruhi kuliko jicho lililokosea.

Nasi tuna letu. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi hiyohiyo, Stephane Aziz Ki wa Yanga aliachia shuti dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mtambaa wa panya tena. Mpira chini tena. Yanga wakadai umevuka. Refa Dahane Beida hakwenda kwenye skrini, bao halikutolewa, mchezo ukaisha 0–0 kama ule wa Dar es Salaam, na Sundowns wakapita kwa penalti 3–2.

Wembley, uwanja mzima ulimwona Bahramov akitikisa kichwa, na aliyetaka kumlaani alijua wa kumlaani. Pretoria, waamuzi wa video walikuwa mbele ya skrini zao, maneno yao hayakusikika uwanjani, na mashabiki wa Yanga hawakuwa na uso wa kubishana nao.