Somo la Historia: Chombo Kinachosawazisha Sauti

Leo tutazungumza juu ya sauti ya redio.

Mwezi wa Aprili 1994, kwa siku chache tu, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera huko Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mtu aliyepotelewa na nduguze hutega sikio. Je, jina likitajwa kwa sauti ndogo, atalisikia?

Zamani fundi wa redio alipandisha na kushusha sauti kwa mkono. Baadaye kikaja chombo kiitwacho kompresa. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, James Lawrence aliunda kompresa ya LA-2A. Ndani yake mna taa na rezista inayohisi mwanga. Msemaji akipaza sauti, taa huwaka zaidi, na rezista huipunguza sauti. Akinyamaza, taa hufifia. Hapo fundi huweza kuikuza sauti yote bila kukwaruza, na mnong'ono ukasikika.

LA-2A ya zamani ni ghali. Kwa hiyo mafundi wengi hufuata mchoro wake, wakajiundia nakala. Fundi wa Biharamulo naye aweza kujifunza. Lakini tahadhari! Umeme wa vali hupita volti 200, nao hubaki katika kapasita hata ukichomoa waya. Kwanza uondoe, uupime, ndipo uguse.

Maswali:
1. Taa huwaka zaidi wakati gani?
2. Kwa nini tusiguse kapasita upesi?