Pisine Molitor: kuta zilipona, lakini nani anaingia?

Wandugu, tukiona jengo la zamani limeharibika tunasema: walitengeneze tu, tutashukuru. Historia ya pisine moja ya Paris inatufundisha kuuliza kwanza: kisha kutengeneza, nani ataingia?

Molitor ilifunguliwa mwaka 1929. Lucien Pollet aliichora sawa meli kubwa: pisine moja chini ya dari, ingine wazi juani, na milango ya bulu ya vyumba vya kuvalia imejipanga pembeni. Johnny Weissmuller, bingwa wa Olimpiki ambaye watu walimujua nyuma kwa jina la Tarzan, alikuwa kwenye ufunguzi. Wakati wa baridi ile ya inje iligeuzwa barafu, watu wakateleza juu yake. Mwaka 1946 bikini ilionyeshwa pale mara ya kwanza. Mtu wa mtaa alilipa tiketi yake, akaingia.

Lakini kuta zilizeeka, na mwaka 1989 ikafungwa. Mwaka 1990 serikali iliiandika kati ya majengo ya historia. Karatasi haikuitengeneza. Kwa miaka mingi vijana wa grafiti waliingia kwa kificho, wakapaka kuta rangi.

Mwishoni mji ulipatia makampuni mkataba wa miaka 54. Sehemu kubwa ilibomolewa, ikajengwa upya kwa sura ya zamani, na otele ndani. Mei 2014 ikafunguliwa tena. Inapendeza, hakuna wa kubisha. Ila kwa mtu asiyelala otelini, siku moja ya kuogelea ilikuwa euro 180!

Mwaka ule ule, kule Penzance, Uingereza, tufani ilivunja Jubilee Pool, pisine ya wazi ya mwaka 1935, inayojaa maji ya bahari. Wakaaji walisimama kuitetea, pesa ya serikali ikaitengeneza, ikafunguliwa 2016. Kisha wakauza hisa, hata mtu wa kawaida akanunua, na leo wakaaji njo wanaiendesha.

Kwetu ile hadithi tunaijua. Wakati wa Mbelgiji kulikuwa pisine za Wazungu peke yao. Mucongo alibaki inje ya ukuta. Leo hakuna haja ya kumufukuza mtu mlangoni. Bei inatosha.

Kwa hiyo, siku tutakapotengeneza majengo yetu ya zamani, bei ya mtu wa mtaa iandikwe kwenye mkataba mbele ya kununua rangi. Ninyi munawaza nini?