Kutoka Kibarua Hadi Shifti: Maneno Yaliyopima Jasho la Thika na Ruiru

Mwalike arusini mfanyakazi wa kiwandani anayeishi Makongeni, Thika, au Kihunguro kule Ruiru. Atafurahi, kisha atanyamaza kidogo akihesabu. "Wiki hiyo niko naiti," atakwambia, "labda nibadilishane shifti na mwenzangu." Jumamosi yako kwake si Jumamosi mpaka ajue imeangukia wapi: mchana, usiku au ofu. Wapo watu katika miji hii miwili waliolea watoto mpaka wakamaliza shule kwa kalenda hiyo.

Neno shifti ni la Kiingereza, nalo limezoeleka hata hakuna anayelitilia shaka. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno zamu tangu zamani. Mabaharia walishika zamu jahazini, walinzi wakapokezana zamu getini, na majirani wakamkesha mgonjwa kwa zamu. Hadi leo tuna mwalimu wa zamu shuleni na daktari wa zamu hospitalini. Kwa nini basi mtu wa Thika anayesokota nyuzi au kufunga makopo hasemi kwamba yuko zamu?

Jibu langu ni kwamba zamu humkumbusha mtu mwenzake. Ukisema zamu yangu imekwisha, umeshamtaja anayefuata, na mara nyingi ni nyinyi wenyewe mliopangiana. Shifti ilizaliwa kwingine. Katika migodi na viwanda vya Uingereza vya karne ya 19, neno lililomaanisha kugawa na kuhamisha lilishika maana ya saa za kazi za kundi moja. Mtambo hauzimwi, watu ndio wanaohamishwa, kundi hili likitoka na lile likiingia. Wafanyakazi wetu walipoliacha neno zamu wakachukua shifti, walitofautisha kazi ya kupangiana na kazi ya kupangiwa.

Hata hivyo, shifti haikuwa neno la kwanza la kupimia muda wa mtu aliyeajiriwa. La kwanza lilikuwa kibarua. Zanzibar ya karne ya 19, aliyekodiwa kwa siku alipewa kibarua, yaani barua ndogo, kipande kidogo cha karatasi, akakirudisha jioni ili alipwe. Wengi wa waliokodiwa hivyo walikuwa watumwa waliogawana ujira na mabwana zao. Polepole jina la karatasi likahamia kwa siku yenyewe ya kazi, kisha likamwangukia mtu. Tukisema leo kwamba kibarua cha fulani kimeota nyasi, hakuna anayeikumbuka barua ile.

Bara, karatasi zilikuwa kali zaidi. Reli ilipofika Thika mwaka wa 1913, nchi kati ya mji huo na Ruiru ilikuwa inageuka kuwa mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge. Humo ukaenea mkataba wa tikiti. Mfanyakazi aliandikiwa siku 30, na kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama kwenye karatasi yake. Siku ya kuugua haikuhesabiwa, wala ya mapumziko, wala ya kwenda kuzika. Alitakiwa azimalize siku hizo 30 ndani ya siku 42, ndipo alipwe. Kwa hiyo kulikuwa na miezi miwili katika nchi moja: mwezi wa angani, uliotosha mtu kuinua macho auone, na mwezi wa tikiti, ulioisha pale karani alipouona umeisha. Kodi ya serikali ilidaiwa kwa kalenda, huku mshahara ukija kwa tikiti.

Waliokaa mashambani na familia zao walipimwa kwa mwaka. Sheria ya 1918 iliwadai siku zisizopungua 180 za kumfanyia kazi mwenye shamba. Wachumaji wa kahawa, wengi wao akina mama, walipimwa kwa debe, na sidhani kipimo hicho kilikuwa cha huruma zaidi. Debe halijui kama jua limekuwa kali au kama mtoto mgongoni amelia.

Juu ya yote kulikuwa na kipande, hati ya usajili. Sheria yake ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri ndiye aliyeandika humo siku ya kuingia kazini, siku ya kutoka na kiasi cha mshahara, na kutoroka kazi kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru, alikifanya kipande kuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya harakati zake za 1921. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukafyatuliwa risasi.

Mashamba yalilala usiku, viwanda havikulala. Mito ya huku ilikuwa imetoa umeme mapema: mto Ruiru ulizalisha umeme wa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na mto Thika ukafuata kwenye kituo cha Ndula. Palipo na taa, usiku huuzika. Mwaka wa 1948 kikaanzishwa Kenya Canners cha kusindika mananasi, ambacho baadaye kilikuja kuwa cha Del Monte, na mwaka wa 1958 kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills. Nanasi likishavunwa halingoji mtu apumzike, na mtambo wa kusokota uliogharimu fedha nyingi mwenyewe hapendi kuuona umesimama. Shifti ilikuta nyumba imeshaandaliwa.

Viwanda vingi vya aina hii hugawa siku mara tatu kwa saa nane nane, au mara mbili kwa saa kumi na mbili. Mgawo huu wa pili umekaa ndani ya saa zetu kana kwamba ulitengenezewa Kiswahili: saa moja hadi saa moja, mchana kumi na mbili na usiku kumi na mbili. Ila mhenga wa Pwani angeuliza swali la maana. Kwake siku huanza jua linapotua, na usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Rejista ya kiwanda huuandika usiku huohuo kuwa Alhamisi. Anayelipwa kwa siku na akafanya kazi usiku amezigusa tarehe mbili, akalipwa moja.

Dunia ilikubaliana mapema kuhusu saa. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka wa 1919, uliweka saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Agizo la jumla la mishahara la Kenya linaruhusu 52 kwa wiki ya siku sita, na kwa kazi ya usiku hadi 60. Kwa maoni yangu hesabu hii imepinduka: anayenyimwa usingizi ndiye anayeruhusiwa kuongezewa saa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku, ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na haki za mwajiriwa zinamfuata. Ndiyo maana kuhesabu siku ni jambo zito. Katika sensa ya 2019 Ruiru ilikuwa na watu karibu 490,000 na Thika kama 250,000, na kila alfajiri wapo wanaosimama kwenye mageti wakisubiri kuitwa kwa kibarua, miaka nenda miaka rudi.

Wewe unayesoma haya ukitoka shifti, nunua daftari dogo. Andika tarehe uliyoingia, saa uliyoanza, saa uliyotoka na kiasi ulicholipwa. Babu yako aliandikiwa siku zake na mtu mwingine, akazivaa shingoni. Zako ziandike kwa mkono wako, na daftari likae nyumbani kwako.