Tundu la robo inchi: historia ya kamera kusimama tuli Katanga

Pindua kamera yoyote ya mpiga picha wa kazi, iwe ya filamu ya miaka ya 1970 au ya dijitali iliyotoka dukani juzi, utaona tundu dogo lenye hesi chini ya tumbo lake. Upana wake ni robo ya inchi, yaani milimita 6.35, na katika kila inchi moja hesi huzunguka mara 20. Tundu hilo ndilo linaloifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, na ndilo linalowatia hasara wapiga picha wengi wa migodini.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleweka. Skrubu ya stendi imepotea, na fundi anachukua boliti ya milimita 6 kutoka kwenye kopo la karakana. Boliti inaingia. Mzunguko wa kwanza unapita laini, wa pili unakaza kidogo, wa tatu fundi anaongeza nguvu. Hesi za boliti ile zimeachana kwa milimita moja kamili, za kamera kwa milimita 1.27, kwa hiyo kila mzunguko unaoongezeka unasaga ukuta wa tundu. Kamera itashika kwa nusu siku, kisha itaanza kucheza, na siku moja itaanguka.

Kipimo hicho cha inchi kilitoka Uingereza. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza hesi za aina moja kwa viwanda vyote vya nchi yake, kwani kabla ya hapo kila karakana ilikata za kwake. Waunda kamera wakazichukua. Ulaya ya bara, ingawa ilipima kila kitu kwa mita, nayo ilikubali inchi chini ya kamera: wapiga picha wanaotumia Kifaransa mpaka leo huita tundu la robo inchi pas Kodak, na lile kubwa zaidi, la inchi tatu kwa nane, pas Congrès. Siku hizi vipimo vyote viwili vimo katika kiwango cha kimataifa ISO 1222, na kamera za Japani, Ujerumani na China zinakifuata.

Huko Katanga, nchini Kongo, stendi ya miguu mitatu ilitangulia reli. Kati ya 1898 na 1900 ofisa Mbelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi katika eneo hilo, wakati Kongo ingali mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Kazi yao ilikuwa kupima nchi: kujua kwa kutazama nyota kila mahali palipo, kuchora ramani, kukusanya mawe na mimea. Alikuwapo mchoraji, Léon Dardenne, na alikuwapo mpiga picha, François Michel. Kwa hiyo kulikuwa na miguu mitatu ya aina mbili katika msafara mmoja, ya vyombo vya kupimia na ya kamera, na yote ilitembea juu ya mabega ya wapagazi Waafrika pamoja na masanduku ya vioo vya picha.

Kamera za namna hiyo hazikuweza kufanya kazi bila stendi, na sababu haikuwa uhaba wa mwanga peke yake. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akaitazama sura ikiwa juu chini kwenye kioo cha nyuma, akairekebisha mpaka ikawa kali. Kisha alikitoa kioo kile na kuweka mahali pake kioo chenye dawa. Kamera ikisogea kidogo tu katikati ya hatua hizo mbili, kile alichokiona sicho kitakachotokea. Aliyepigwa picha naye alilazimika kusimama kama alivyowekwa. Ninapozitazama picha za wakati ule, watu wamepangwa mbele ya kamera wakiwa wima na wakimya, naona amri ya mpimaji kama ninavyoona ufundi wa mpiga picha. Hilo linaniuma, maana kwa wengi wao hiyo ndiyo sura pekee iliyobaki.

Kodak ya kwanza ya George Eastman ilitoka mwaka 1888, Leica ikafuata mwaka 1925, na kamera ikahamia mkononi. Hata hivyo, migodini stendi haikuondoka. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, ilipiga picha za mitambo, mashimo, kambi na wafanyakazi wake kwa miongo mingi. Mji wa Kolwezi nao ulianzishwa na kampuni hiyo mwaka 1937. Baada ya uhuru, kampuni ilipotaifishwa na kuwa Gécamines, kumbukumbu nyingi zikabaki kwenye kabati za ofisi.

Aliyezitoa na kuzipa kazi mpya ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwakata wafanyakazi na mabwana kutoka picha za kale za Union Minière na kuwasimamisha mbele ya viwanda vilivyokufa, katika picha pana alizozipiga mwenyewe. Mwaka 2011, kwenye makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alirudi kwa Michel na Dardenne wenyewe, akiutazama upya msafara wa Lemaire. Akaja pia na picha za Kolwezi, ambamo machimbo ya wachimbaji wadogo yamewekwa ubavuni mwa mabango ya Kichina ya mandhari ya kupendeza, yale ambayo wachimbaji huyanunua kupambia mahema yao. Sijui kazi nyingine ya picha iliyoieleza Lualaba, mkoa wa Kolwezi, kwa ukweli kama hiyo.

Picha pana ndiyo inayotuleta kwenye swali la kifaa cha kununua. Shimo la mgodi wa wazi haliingii katika picha moja. Njia iliyozoeleka ni kusimamisha kamera wima, kupiga picha kadhaa ukiizungusha, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Ukitumia bamba la kawaida la kuifunga kamera kwenye stendi, lile bapa la chini, itakubidi ulaze kichwa cha stendi ubavuni. Uzito wote unahamia upande mmoja, lenzi inatoka kwenye mhimili, na juu ya kifusi cha mgodi mguu mmoja unaanza kuzama. Dawa yake ni kishikio cha umbo la L. Mkono mmoja unapita chini ya kamera, wa pili unapanda ubavuni, na yote miwili ina kingo zilizokatwa mshazari ili kuingia katika kibano cha stendi. Unaitoa kamera, unaigeuza wima, unaibana tena, na lenzi inabaki karibu palepale ilipokuwa.

Mtindo wa kingo hizo ulienezwa na kampuni ya Arca-Swiss, na upana wake ni kama milimita 38. Nasema "kama" kwa makusudi, kwa sababu watengenezaji wengine hupishana kidogo, na kibano cha wenzo, cha kufunga kwa kidole kimoja, huweza kulikataa bamba la mtengenezaji mwingine au kulishika kwa ulegevu. Kwa Kolwezi mimi nachagua kibano cha skrubu: kinakubali tofauti ndogo, na vumbi jekundu la kiangazi likiingia, brashi ya meno inatosha kulitoa.

Kuhusu kishikio chenyewe, epuka kile kinachouzwa kuwa kinafaa kamera zote. Chukua kilichokatwa kwa ajili ya mwili wa kamera yako, kwa jina na namba ya toleo lake. Hicho kina ukingo mdogo unaokumbatia tumbo la kamera ili isizunguke, kinaacha mlango wa betri ufunguke, na hakizibi matundu ya nyaya. Hakikisha skrubu yake si ndefu kupita kina cha tundu. Ufunguo wake mdogo wa pembe sita uufunge kwenye mkanda wa begi.

Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014, umebadilika sura kiasi kwamba asiyeujua zamani hawezi kuamini ulivyokuwa. Wapiga picha wa harusi na matanga wa mji huu wana kamera tayari. Ombi langu kwao ni hili: omba ruhusa inayotakiwa, chagua mahali pamoja penye usalama, andika kimo cha stendi, urefu wa lenzi na upande unaoelekea, kisha rudi hapohapo kila kiangazi upige picha ileile. Na nyuma ya kila picha andika tarehe, jina la mahali, na majina ya watu waliokubali kutajwa.