Namba 3586: Jinsi Miura ya "The Italian Job" ilivyotambuliwa

Filamu ya Kiingereza "The Italian Job", iliyotoka mwaka 1969, inafunguliwa na gari. Lamborghini Miura ya rangi ya chungwa inapanda kona baada ya kona kwenye barabara ya mlima Great St Bernard, kaskazini mwa Italia, huku Matt Monro akiimba wimbo ambao muziki wake ulitungwa na Quincy Jones. Kwenye usukani yuko mwigizaji Rossano Brazzi, miwani ya jua usoni na sigara mdomoni. Gari linazama ndani ya handaki, mshindo unasikika, na dakika chache tu tangu filamu ianze, tingatinga linasukuma mabaki yake na kuyatupa bondeni.

Watazamaji waliamini kuwa Miura ile imekwisha. Wapenzi wa magari hawakuridhika. Walijiuliza kama kweli kampuni ingekubali gari jipya la thamani kubwa kiasi kile livunjwevunjwe kwa ajili ya picha za sekunde kadhaa. Na kama halikuvunjwa, lilikwenda wapi? Jibu lenye uthibitisho lilipatikana baada ya nusu karne.

Uzito wa swali hilo unatokana na gari lenyewe. Ferruccio Lamborghini, aliyetajirika kwa kutengeneza matrekta, alianzisha kiwanda chake cha magari mwaka 1963 katika mji mdogo wa Sant'Agata Bolognese. Miaka miwili baadaye, kwenye maonyesho ya Turin, kampuni iliweka mbele ya watu chasisi tupu yenye injini, bila bodi. Machi 1966, huko Geneva, chasisi hiyo ilikuwa imevishwa umbo lililochorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone. Wahandisi Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, dereva wa majaribio Bob Wallace na Gandini mwenyewe, wote walikuwa hawajatimiza miaka 30.

Vijana hao waliitoa injini kubwa ya silinda 12 mbele ya dereva, mahali ilipozoeleka kuwekwa, wakaikingamisha nyuma ya viti. Injini hiyo ya lita 3.9 ilikuwa na nguvu za farasi 350. Dallara ameeleza kuwa wazo la kuikingamisha lilitokana na Mini, gari dogo la Uingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1959, ambalo mbunifu wake Alec Issigonis alikwishaipanga injini kwa namna hiyo ili kuokoa nafasi. Kwa hiyo filamu inayoanza na Miura, kisha ikawapa wezi magari ya Mini Cooper ya kutorokea na dhahabu katika mitaa ya Turin, iliyakutanisha magari mawili yenye udugu wa kiufundi.

Kilichotokea wakati wa upigaji picha kilisimuliwa baadaye na Enzo Moruzzi, mfanyakazi wa Lamborghini aliyelipeleka gari hilo kwa watengeneza filamu. Pale Sant'Agata tayari kulikuwa na Miura ya rangi ya chungwa iliyopata ajali na isiyofaa tena kutengenezwa. Hiyo ndiyo iliyotolewa ili itupwe bondeni. Lakini mwongozaji Peter Collinson alihitaji pia gari zima, linalofanana nalo, kwa ajili ya picha za barabarani. Kwenye mstari wa uzalishaji wakati huo palikuwa na moja tu la rangi hiyo lenye usukani kushoto, na lilikuwa limeshapata mnunuzi.

Tatizo lilikuwa viti. Gari la mteja lilikuwa na viti vya ngozi nyeupe, na Moruzzi alihofia kuwa vingechafuka au kuharibika kabla ya kumfikia mwenyewe. Akaagiza ving'olewe, na mahali pake vikawekwa viti vyeusi vilivyokuwa vikitumika kwenye magari ya majaribio. Viegemeo vya kichwa, hata hivyo, havikuwa sehemu ya viti. Katika Miura P400 vilifungwa kwenye kioo kinachotenga chumba cha abiria na injini, na muda wa kuvibadilisha haukuwapo. Vikabaki vyeupe.

Moruzzi aliliendesha gari hilo kutoka kiwandani hadi milimani, na ndiye aliyeshika usukani badala ya Brazzi katika picha za barabarani. Kazi ilipokwisha alilirudisha Sant'Agata, viti vyeupe vikafungwa tena, na gari likapelekwa kwa mnunuzi wake mjini Roma, likiwa limechelewa siku chache tu.

Kuanzia hapo lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Magari hubadilishwa rangi, injini hung'olewa, viti hushonwa upya, na Miura ya rangi ya chungwa si moja duniani. Yeyote angeweza kudai kuwa analo lile la kwenye filamu, na dai kama hilo likiaminiwa huongeza bei kwa kiasi kikubwa. Mustang ambayo Steve McQueen aliiendesha katika filamu "Bullitt" ya mwaka 1968 iliuzwa mnadani Marekani Januari 2020 kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Nayo ilikuwa na nyaraka zake, ikiwemo barua ya McQueen mwenyewe akimwomba mmiliki amuuzie gari hilo.

Kila anayenunua gari la mtumba Dar es Salaam au Mombasa anajua kulinganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi kabla ya kutoa pesa. Kwa Miura kazi ilikuwa hiyohiyo, ila kadi ilipaswa kutafutwa kwenye makabati ya kiwanda. Mwaka 2015 Lamborghini ilianzisha Polo Storico, idara inayotunza kumbukumbu na kuthibitisha uhalisi wa magari yake ya zamani. Mwaka 2018 Kaiser Collection, mkusanyiko wa magari ulioko Vaduz, Liechtenstein, ulinunua Miura iliyosemekana kuwa ndiyo yenyewe, kisha idara hiyo ikaombwa kulichunguza.

Wataalamu walilikagua gari, wakapitia nyaraka za kiwandani na kuwasikiliza waliofanya kazi pale, akiwemo Moruzzi. Mwaka 2019, filamu ikitimiza miaka 50, Lamborghini ilitangaza kuwa gari lenye chasisi namba 3586 ndilo lililoendeshwa kwenye barabara ya Great St Bernard. Viegemeo vyeupe vilivyoonekana juu ya viti vyeusi, jambo ambalo watazamaji wengi hawakulitilia maanani, vilikubaliana kabisa na maelezo ya mzee huyo.

Uthibitisho huo ulikuwa na nguzo tatu: chuma chenye namba, karatasi iliyotunzwa, na binadamu aliyekuwepo. Namba pekee ingeonyesha kuwa gari ni Miura halali, bila kutaja filamu. Karatasi zingefuata safari yake hadi kwa mteja. Ilihitajika kauli ya Moruzzi ndipo ijulikane kwa nini gari la kwenye filamu lina rangi mbili za ngozi ndani yake. Chuma na karatasi vinaweza kungoja miaka 50 vikitunzwa vizuri. Mafundi, madereva na makarani hawangoji. Kiwanda, shirika la reli, bandari au studio ya filamu inayotaka historia yake ibaki ya kweli iwatafute wazee wake sasa, iwasikilize na kuandika wanayosema, wangali na nguvu ya kueleza nani alifanya nini na kwa sababu gani.