Kibarua Pia Hukimbia Marathoni

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja: ridhaa.

Unalisikia kwenye habari za michezo. Bondia wa ridhaa. Mwanariadha wa ridhaa. Yaani mtu anayecheza kwa kupenda, bila kulipwa. Hapa Mukuru kwa Reuben tunao, ila hakuna anayewaita hivyo. Toka nje saa kumi alfajiri utawaona, mmoja mmoja au wawili wawili, wakikata kuelekea Enterprise Road kabla malori hayajaanza kunguruma. Wengine huwaangalia na kuuliza, "Huyu naye anakimbizwa na nani?"

Sisi Wakenya tunapenda kusema nchi yetu ni ya wakimbiaji. Ni kweli. Lakini ukifuatilia historia pole pole, utaona kitu ambacho hatukisemi sana. Karibu kila mkimbiaji wetu aliyefika mbali alipewa vitu viwili: muda wa kukimbia na mahali pa kukimbilia. Miguu alikuwa nayo, moyo alikuwa nao, ila hivyo viwili alipewa na mtu. Na hivyo viwili ndivyo kibarua wa Mukuru hana.

Tuanze mbali kidogo, maana hili neno lina siri yake.

Miaka ya 1860 kule London, mabwana wakubwa walianzisha klabu yao ya riadha na kuandika nani anahesabika kuwa mwanariadha wa ridhaa. Sheria yao ilisema waziwazi kwamba fundi wa mitambo, fundi wa mikono na kibarua hawamo. Soma tena hapo. Kibarua hawezi kuwa wa ridhaa! Eti mchezo wa kupenda ni wa mtu asiyefanya kazi ya mikono. Kipengele hicho kiliondolewa 1880 wakati chama kipya cha riadha cha Uingereza kilipoundwa, lakini wazo lenyewe halikufa haraka. Hata leo, mtu wa mjengo akisema anafanyia marathoni mazoezi, kuna watu watacheka.

Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Mwaka wa 1896 Olimpiki za kwanza za kisasa zilifanyika Athens, Ugiriki, na marathoni ikakimbiwa kwa mara ya kwanza, karibu kilomita 40. Alishinda nani? Spyridon Louis, kijana wa kijiji cha Marousi ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maji. Ndiyo, mtu wa maji. Alimaliza kwa chini kidogo ya saa 3. Yule jamaa anayesukuma mkokoteni wa mitungi hapa kwetu angemwelewa Louis bila mkalimani. Hizi kilomita 42.195 tunazozijua zilikuja baadaye, zikakimbiwa London mwaka wa 1908 na kufanywa kipimo rasmi 1921.

Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, marathoni ilikuwa ya mtu wa kazi.

Turudi nyumbani. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa 1951, tukiwa bado chini ya mkoloni, na lile neno la ridhaa lilikuwa ndani ya jina lake. Mwaka wa 1954 timu yetu ilienda Vancouver, Kanada, na Nyandika Maiyoro akashika nafasi ya 4 katika mbio za maili 3. Mwaka wa 1956 Kenya ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, na Maiyoro akamaliza wa 7 katika mita 5,000. Halafu 1964, Tokyo, Wilson Kiprugut akatuletea medali yetu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Mexico 1968 ndiyo ilifungua mlango kabisa: Naftali Temu dhahabu ya mita 10,000, Kipchoge Keino dhahabu ya mita 1,500, Amos Biwott dhahabu ya kuruka viunzi na maji.

Hawa wote, kwa sheria ya wakati huo, walikuwa wa ridhaa. Kulipwa pesa ya kukimbia ilikuwa marufuku. Sasa walikula nini?

Hapa ndipo kuna funzo. Kiprugut alikuwa mwanajeshi. Temu alikuwa mwanajeshi. Keino alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Hata jirani yetu Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Rome mwaka wa 1960 bila viatu, alikuwa askari wa walinzi wa mfalme. Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni 2003 na 2007, alitoka idara ya magereza.

Unaona? Hao wa zamani hawakulipwa kukimbia. Walilipwa mshahara, halafu wakapewa nafasi ya kukimbia. Mwisho wa mwezi pesa inaingia. Chakula kipo, kitanda kipo, uwanja uko ndani ya kambi, na mkubwa wa kazi anasema nenda ukafanye mazoezi. Ridhaa yao ilikuwa na mgongo wa kuegemea.

Baadaye pesa ikaingia. Mwaka wa 1982 shirika la riadha la dunia likaruhusu wanariadha kuwekewa pesa kwenye mfuko maalumu. Mwaka wa 1987 Ibrahim Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na 1988 akashinda Boston. Kufika 2001 shirika lenyewe likaondoa neno la ridhaa kwenye jina lake. Mbio zikawa kazi. Zikaja kambi za Iten na Kaptagat, ambako mtu anakimbia asubuhi, anakula, analala, anakimbia tena jioni. Samuel Wanjiru akatuletea dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Eliud Kipchoge akakimbia umbali wote kwa saa 1:59:40 kule Vienna, 2019. Sipingi hata moja ya hayo. Mtu kulipwa jasho lake ni haki yake.

Ila neno ridhaa likabaki kwa sisi wengine, na lilibaki bila ule mgongo.

Nairobi ilipata marathoni yake kubwa ya kila mwaka kuanzia 2003, na tangu hapo wakimbiaji wa kawaida wameongezeka. Ukiwaangalia vizuri ni aina mbili. Kuna yule wa ofisi, ana saa ya kupima mapigo ya moyo, ana kundi la Jumamosi msituni Karura, ana gari la kumrudisha nyumbani. Simchukii, anafanya vizuri. Halafu kuna huyu wetu.

Hebu tuhesabu siku ya huyu wetu. Sitaji mtu, maana ni wengi. Ni kibarua Industrial Area. Saa kumi na mbili na nusu lazima awe kwenye geti, kwa sababu wanaochaguliwa ni waliopo. Ukichelewa dakika 5 siku yako imeisha. Kwa hivyo mazoezi ni saa kumi alfajiri, giza likiwa totoro, akiruka mitaro na kuchungulia kona. Viatu ni vya mtumba kutoka Gikomba, alivichagua kwa kukunja soli na kunusa gundi. Akirudi ananunua mtungi wa maji, au analipa kuoga bafu ya nje. Uji, mbio, geti. Halafu kutwa nzima amesimama, anabeba, anapanga, anasukuma. Jioni ugali na sukuma, au githeri, na usingizi unamshika akiwa ameketi.

Sasa mwalimu yeyote wa marathoni atakuambia mazoezi si kukimbia tu, ni kupumzika pia. Mwili hujijenga ukiwa umelala. Wiki 16 za kujitayarisha zinahitaji mbio moja ndefu kila wiki, siku moja au mbili za kasi, na siku za kupoa. Yule wa kambi siku ya kupoa analala mchana. Huyu wetu siku ya kupoa anabeba magunia.

Na bado anaweza. Akitaka kumaliza chini ya saa 4, anahitaji kushika dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, 42 mfululizo. Si mwujiza. Hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miguu imezoea. Fikiria mtu anayetembea kilomita 4 kwenda kazini na 4 kurudi, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilomita 48. Kila wiki amemaliza marathoni na chenji, na hakuna aliyemvika medali.

Muda tumeuona. Tuje kwa mahali.

Mukuru ni neno la Kikuyu, maana yake bonde au korongo. Tumebanwa kati ya viwanda, mto Ngong na reli. Njia za ndani ni nyembamba, mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi. Barabara kubwa ni za malori na mapikipiki. Kwa msichana ni mbaya zaidi, kwa sababu saa ile ambayo barabara iko wazi ndiyo saa ambayo si salama kwake. Wakimbiaji wengi wa kike tumewapoteza hapo, si kwa kukosa mbio, kwa kukosa taa.

Nikupe visa viwili vya karibu.

Mwaka wa 2021 nyumba za maelfu ya majirani zetu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa. Sababu iliyotajwa ni kupisha barabara ya kuunganisha Industrial Area na upande wa uwanja wa ndege. Jina la barabara hiyo? Catherine Ndereba. Mama wa watu hana kosa lolote hapo. Lakini fikiria: jina la mwanamke aliyeshinda dunia kwa miguu yake limewekwa kwenye barabara ya magari, na wanaoishi kwa miguu ndio waliohamishwa.

Cha pili, tarehe 8 Mei 2022. Siku chache kabla magari kuanza kuitumia ile Nairobi Expressway, inayopita juu ya Mombasa Road hapo tu ng'ambo yetu, marathoni ilikimbiwa juu yake. Watu waliiona Nairobi kutoka juu, lami laini, hakuna lori, hakuna honi. Halafu ikafungwa kwa miguu. Leo ukitaka kupita lazima uwe na gari na ulipie. Kwa hivyo si kwamba jiji haliwezi kutoa barabara kwa watu wa miguu. Linaweza. Limeshafanya. Linachagua siku.

Najua kuna mtu anasema, "Buda, watu hawana maji na choo, wewe unaleta mambo ya kukimbia?" Swali zuri. Jibu langu ni hili: kile anachohitaji mkimbiaji ndicho anachohitaji kila mtu anayetoka Reuben asubuhi. Njia ya miguu isiyo na mtaro wazi. Taa. Usalama saa kumi na moja. Mkimbiaji yuko kwenye njia ile ile mbovu na mama anayewahi sokoni na mtoto anayeenda shule, tofauti ni kwamba yeye anaipita kwa haraka. Ukimtengenezea yeye, umewatengenezea wote.

Na nafasi ya kudai ipo. Mwezi wa Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: Reuben, Njenga na Viwandani, zaidi ya familia 100,000. Wakazi wenyewe walishirikishwa kupanga. Basi tuulize kwa sauti: kwenye hizo barabara, njia ya miguu iko wapi? Uwanja uko wapi?

Halafu tuulize vitu vidogo ambavyo havihitaji bajeti ya taifa. Viwanja vya shule vifunguliwe saa kumi na moja alfajiri na Jumapili mchana. Waandaaji wa mbio kubwa watenge nambari kadhaa za bure kwa vibarua, kwa sababu ada ya kujiandikisha ni chakula cha siku kadhaa. Na kampuni zinazotuma wafanyakazi wa ofisi kila mwaka wakiwa na fulana zenye nembo, ziwakumbuke pia wale wa geti la nyuma. Chuo cha Kiganjo kilimpa polisi mmoja nafasi, na sasa nchi nzima inajivunia jina lake.

Wale mabwana wa London waliandika kwamba kibarua hana nafasi kwenye ridhaa. Karatasi yao ilifutwa zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kwa hivyo kesho saa kumi ukimsikia mtu akipita mlangoni kwako mbio, usiulize anakimbizwa na nani. Kama una tochi, mulika njia.